Mbolea ya bakteria kwa soya na maharagwe: namna ya kuitumia, kuanzia dukani mpaka mavuno

Nimeamua kuandika hii kwa Kiswahili kwa sababu ile karatasi inayokuja na pakiti ni Kiingereza kitupu, na huku kwetu Bweyale, Uganda, tumechanganyika sana, kuna Wanyoro, Waacholi, Walango, Waalur, alafu ndugu zetu wa Sudan Kusini na Congo walioko kambini Kiryandongo, na Kiswahili ndo lugha inayotukutanisha sokoni. Nimeona watu wananunua hii mbolea, wanaitumia vibaya, soya inatoka vile vile ya kila mwaka, basi wanasema hawarudii tena. Inaniuma kwa sababu mbolea yenyewe ni nzuri na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na gunia la DAP, ile mbolea ya dukani ya kupandia, shida ni kwamba hakuna mtu aliyewakalisha chini akawaeleza kwamba kile walichonunua kina uhai.

Hilo ndo jambo la kwanza na ukilishika hilo mengine yote utayaelewa. Ndani ya ile pakiti hamna chumvi chumvi kama urea, ile mbolea nyeupe ya naitrojeni, mna bakteria hai, wanaitwa raizobia, wamewekwa kwenye udongo mweusi laini wenye unyevu ili wasife njiani. Mama mmoja jirani alikuja nikiwa nachanganya akaniuliza, "Mwanangu, haya masizi ndo mbolea?" nikamwambia ndio mama, ila haya masizi yanapumua. Ukiwaua kabla hawajafika shambani, umenunua masizi kweli.

Kazi yao ni hivi. Hewa tunayovuta karibu asilimia 78 ni naitrojeni, yaani kile kile tunachonunua kwenye urea, lakini mmea hauwezi kuichukua kutoka hewani wenyewe. Raizobia wanaweza. Wanaingia kwenye mizizi ya mmea wa jamii ya kunde, mmea unawajengea vinundu vya kukaa, unawapa sukari, na wao wanaulipa kwa naitrojeni. Sio kitu cha juzi, Mholanzi mmoja anaitwa Beijerinck aliwatoa hao bakteria kwenye vinundu mwaka 1888, na kufika 1896 Wajerumani walikuwa tayari wanawauza kwa wakulima. Hapa Uganda chuo kikuu cha Makerere wanatengeneza yao, inaitwa Mak-Bio-N-Fixer, na kutoka Kenya inakuja BIOFIX.

Watu wengi wanachanganya hii na samadi au mboji. Samadi ni chakula cha udongo, hii ni wafanyakazi. Huwezi kuwaleta wafanyakazi kwenye nyumba ambayo haina chochote ukategemea wafanye kazi, kwa hivyo ukiwa na samadi endelea nayo, moja haiondoi nyingine.

Inafaa zao gani

Soya ndo inaitikia vizuri zaidi. Sababu ni kwamba soya asili yake ni Asia, mashamba yetu mengi hayajawahi kuwa na bakteria wake, kwa hivyo ukiwaleta tofauti unaiona kwa macho. Kuna aina kama Maksoy 1N ambayo ukoo wake ni wa IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo kule Nigeria, hiyo inaweza kukubaliana na bakteria wa kienyeji, lakini hata mbegu ya hiyo mimi naipaka hii mbolea kwa sababu sijui wale wa kienyeji kwenye shamba langu ni wangapi na wana nguvu gani.

Maharagwe ni habari nyingine. Yamekaa kwetu miaka mingi sana na udongo umejaa bakteria wanaoyajua, ukileta wageni wanagombania mizizi na wenyeji, mara wanashinda mara wanashindwa. Usitegemee maajabu kwenye maharagwe, jaribu sehemu ndogo kwanza. Karanga na kunde kwa kawaida zinajitafutia wenyewe kwenye udongo wetu. Na mahindi, mihogo, matoke, viazi, hapana kabisa, hawa bakteria hawaingii kwenye mizizi hiyo. Faida ya mahindi inakuja msimu unaofuata, nitaisema chini.

Kitu kingine, kila zao lina bakteria wake. Pakiti ikiandikwa soya ni ya soya, ukiipaka kwenye maharagwe umetupa pesa. Soma, na kama husomi Kiingereza mwambie mtoto wa shule akusomee, usione haya.

Kununua na kubeba

Hapa ndo nilipoumia mimi. Mara ya kwanza nilinunua pakiti kwenye duka moja ambalo liliziweka juu ya rafu, karibu na mlango, jua la saa nane linazipiga moja kwa moja, na sikuangalia tarehe. Nikaifunga nyuma ya boda, nikapitia sokoni, nikakaa na watu, nikafika nyumbani jioni. Nilipanda ekari moja na nusu. Wiki ya sita nikachimba mizizi, ilikuwa misafi kama imeoshwa, hakuna kinundu hata kimoja. Msimu mzima.

Kwa hivyo ukienda dukani, angalia tarehe ya mwisho kabla ya kutoa hela, na uliza walikuwa wanaihifadhi wapi. Mwenye duka akikuonyesha friji au chumba cha ndani chenye baridi, nunua. Akikuonyesha dirishani, nenda kwingine hata kama ni mbali. Minya pakiti kidogo, inatakiwa iwe na unyevunyevu, ikiwa imekauka kama vumbi hao wameshaondoka.

Kubeba, fanya kama unavyobeba chanjo ya kuku. Izungushie gazeti au kitambaa kibichi, weka ndani ya begi, usiifunge juu ya boda na usiiache kwenye gari lililofungwa vioo. Nyumbani kama una friji weka chini kabisa kule kwenye mboga, sio kule juu kwenye barafu, kuganda kunaweza kuwaua. Kama huna friji, na wengi hatuna, chukua chungu, weka mchanga, mwagia maji, pakiti iingie ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, iliyofungwa vizuri ndo uilaze juu ya mchanga, funika, acha kwenye kona yenye giza. Itakaa siku kadhaa bila shida. Lakini ushauri wangu nunua karibu na siku ya kupanda, usinunue Januari kitu cha mwezi wa tatu.

Shamba lenyewe

Bakteria hawapendi udongo wenye asidi kali. Kama udongo wako ukipimwa unaonyesha pH, yaani kipimo cha asidi, chini ya 5.5, vinundu vinaanza kuwa vichache, na ikishuka zaidi ya hapo hali inakuwa mbaya, unahitaji chokaa ya shamba wiki kadhaa kabla ya kupanda. Kupima sio lazima ununue mashine, beba udongo wako kwenye maabara ya udongo kama ile ya Kawanda, au muulize afisa kilimo wa subkaunti nani anapima karibu.

Fosforasi ni muhimu sana, naomba msiiruke hii. Kazi ya kuvuta naitrojeni kutoka hewani inakula nguvu nyingi na mmea bila fosforasi hauna hiyo nguvu, hata ukipaka bakteria wazuri namna gani watakaa tu. Ukiweza pata TSP au SSP, hizo ni mbolea za fosforasi, weka kwenye mfereji, funika na udongo kidogo, ndo mbegu ije juu yake bila kugusana. DAP nayo ina fosforasi lakini ina naitrojeni asilimia 18, na soya ikipata naitrojeni ya bure inakuwa mvivu, haijengi vinundu, kwa nini ijisumbue kulisha bakteria wakati chakula kipo? Kwa sababu hiyo hiyo usiweke urea kwenye soya uliyoipaka. Kama huna hela ya TSP, samadi iliyooza vizuri ina fosforasi kiasi, imwage mapema wakati wa kulima.

Mbegu

Ekari moja ya soya inakula kilo 20 mpaka 25. Ondoa zilizovunjika na zilizooza. Kama hujui mbegu imekaa muda gani, jaribu 100 kwenye kitambaa kibichi siku tano hivi, zikiota chini ya 80 ongeza mbegu au tafuta nyingine, soya inapoteza uhai haraka ukiiweka stoo.

Sasa hii muhimu: mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu, ile ya rangi rangi, pinki au kijani, usiipake bakteria moja kwa moja. Dawa nyingi za ukungu zinawaua, hasa zenye shaba. Na wale tunaohifadhi mbegu ya nyumbani kwa majivu dhidi ya wadudu, majivu nayo ni makali, pepeta vizuri, osha haraka haraka na anika kivulini kabla. Ukiwa na mbegu ya dawa tu hamna nyingine, kuna njia ya pembeni: changanya ile mbolea na mchanga au udongo laini wenye unyevu, nyunyiza ndani ya mfereji, mbegu ije juu. Itakula pakiti nyingi zaidi kuliko kupaka lakini bakteria watakuwa wametawanyika kwenye udongo badala ya kubanwa kwenye dawa.

Kupaka, siku yenyewe ya kupanda

Subiri mvua inyeshe udongo ushike maji. Huku kwetu msimu wa kwanza ni mwezi wa tatu na wa nne, wa pili ni wa nane na wa tisa. Kwenye udongo mkavu usipake, maana mbegu italala pale siku nne ikisubiri mvua na bakteria wanakauka.

Fanya asubuhi mapema au jioni, chini ya mti au ndani ya nyumba. Jua ndo adui mkubwa.

Kiwango kinachotumika sana ni gramu 10 kwa kilo moja ya mbegu, kwa hivyo gramu 100 kwa kilo 10, na ekari yenye kilo 25 inataka gramu 250. Kama pakiti yako imeandika tofauti fuata pakiti, watengenezaji hawalingani.

Kwa kilo 10 mimi nafanya hivi. Nachukua maji kama robo lita, yaani ile chupa ya soda ya mililita 300 usiijaze. Maji yawe ya mvua au ya kisima cha pampu, maji ya bomba ya mjini yana klorini, hayo yaache wazi kwenye beseni usiku mzima kwanza. Naweka vijiko viwili vya mezani vya sukari, nakoroga mpaka iyeyuke. Sukari ni ya kunatisha, kwenye pakiti nyingine unakuta gundi tayari, basi tumia hiyo, ni nzuri kuliko sukari. Maji yasiwe ya moto, ukichemsha acha yapoe kabisa.

Alafu mbegu kwenye beseni safi, na nikisema safi namaanisha halijawahi kubeba dawa ya kupulizia. Mwagia yale maji ya sukari kidogo kidogo huku unageuza kwa mkono taratibu, usiyamwage yote mara moja, mbegu zinatakiwa zing'ae tu, zisiogelee. Soya ina ngozi laini, ukisugua kama unafua nguo inachubuka na haioti. Mbegu zote ziking'aa, nyunyiza ule unga mweusi juu yake, geuza tena mpaka kila mbegu iwe imevaa koti jeusi. Ukiona zingine bado nyeupe endelea, ukiona zinashikana matonge umezidisha maji, zitandaze kwenye turubai kivulini dakika kumi na tano hivi zikauke kidogo.

Paka ile utakayopanda sasa hivi tu. Kama una ekari tatu na watu wanne wa kupanda, paka ya ekari moja, malizeni, rudi upake nyingine. Mbegu iliyopakwa ikilala mpaka kesho bakteria wengi watakuwa wamekufa, utalazimika kupaka upya. Na ukiifungua pakiti, itumie yote siku hiyo.

Kupanda

Mbegu ikienda shambani iwe imefunikwa kwa gunia bichi au majani ya ndizi, anaepanda achukue kidogo kidogo. Mistari ya soya sentimita 60, mbegu hadi mbegu sentimita 5, kina cha sentimita 2 mpaka 5. Jambo ambalo watu wanalikosea ni kwamba mmoja anatangulia anamwaga mbegu mstari mzima, mwenzie yuko nyuma kabisa anafunika baada ya nusu saa. Mbegu imeshapigwa jua. Anaemwaga na anaefunika watembee pamoja, hatua mbili tatu tu katikati yao.

Naomba ufanye hii pia: acha mistari mitano bila kupaka, mbegu ile ile, shamba lile lile, weka vijiti ukumbuke. Na hiyo mitano uipande ya kwanza kabisa kabla hujashika unga, kwa sababu mikono na beseni vikishagusa bakteria vitawapeleka hata kule usikotaka na hutaona tofauti. Hiyo mistari ndo itakayokwambia ukweli kuliko mimi, kuliko mwenye duka, kuliko yeyote.

Kuangalia kama imeshika

Wiki mbili tatu za kwanza soya inaweza kuonekana ya njano kidogo, usishtuke ukakimbilia urea, vinundu ndo vinajengwa na akiba ya mbegu imeisha. Palilia mapema, wiki ya pili au ya tatu, kwa sababu magugu yanaiba kila kitu.

Inapoanza kutoa maua, chimba mimea mitano sita sehemu tofauti. Chimba kwa jembe, usivute, ukivuta vinundu vinabaki chini utadhani haina. Weka mizizi kwenye maji itoe udongo taratibu. Utaona vinundu kama punje za mtama au zaidi, na kama vimejazana karibu na shina pale juu, ni bakteria wako uliowaleta na mbegu. Kata kimoja kwa kucha. Ndani kikiwa chekundu au pinki kama nyama, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe bado kichanga, kikiwa cha kijani au cha kijivu hakikupi kitu. Ule wekundu unatoka kwenye kitu kinachofanana na damu yetu, kinapima hewa ili bakteria wasizidiwe na oksijeni. Siku niliyovunja kinundu cha kwanza nikaona ule wekundu niliita watoto wote waje kuona.

Alafu nenda kwenye ile mistari mitano ulinganishe. Rangi ya majani, urefu, vinundu. Ukikuta pande zote mbili zina vinundu vyekundu tele, basi shamba lako lilikuwa na bakteria tayari na hujapoteza kitu ila umejua. Ukikuta pande zote hazina, rudi nyuma ufikirie: pakiti ilikuwa na jua? mbegu ilikuwa na dawa? udongo una asidi? uliweka DAP nyingi?

Mavuno

Hapa tunaharibu kazi yote. Desturi yetu ni kung'oa soya nzima na mizizi, kubeba nyumbani, kupiga, alafu maganda na mabua yanachomwa moto. Naitrojeni nyingi inaenda na punje, hiyo ni sawa ndo tunayouza, lakini iliyobaki iko kwenye mizizi, majani na mabua, na sisi tunaichoma. Kata shina kwa panga au mundu karibu na ardhi, mizizi ibaki humo humo. Ukishapiga nyumbani, rudisha maganda na mabua shambani uyatandaze, au wape mbuzi na samadi yao irudi kule. Ni kazi, najua, magunia yanarudi mepesi lakini njia ni ile ile ndefu.

Msimu unaofuata panda mahindi pale pale. Yatakuwa ya kijani kuliko ya jirani, ila usitegemee kwamba hayatahitaji mbolea kabisa, soya inapunguza tu mzigo.

Kuhusu kurudia, bakteria wa soya wanaweza kukaa kwenye udongo misimu kadhaa hata bila soya, hasa ukiwa na majani ya kufunika na udongo hauna asidi. Mimi narudia kupaka kama shamba limekaa miaka mitatu bila soya, au kama limepigwa na ukame mkali, au kama nilipochimba msimu uliopita vinundu vilikuwa vichache. Kuna wanaochota udongo wa shamba la zamani la soya wakaupeleka kwenye jipya, njia hiyo ni ya kale hata Marekani walibeba udongo kwa mikokoteni kabla ya pakiti kuenea, na inafanya kazi, lakini utabeba pia magugu na magonjwa ya lile shamba, kwa hivyo kama pakiti inapatikana Masindi au Kampala, mtume mtu akuletee.